Jumapili Bila Wembe: Namna ya Kuhamisha Umati Kutoka Pambano la Majogoo Kwenda Uwanjani

Kijijini kwetu, wilaya ya Rungwe, majogoo walipiganishwa kila Jumapili saa tisa alasiri nyuma ya kilabu cha kimpumu, pombe yetu ya kienyeji, mahali ambapo migomba imefungana kiasi kwamba apitaye barabarani anasikia kelele tu. Wengine, hasa kiangazi, walitoka na mbwa tangu alfajiri kwenda kukimbiza sungura na nguruwe pori kando ya msitu. Haikuwa njaa iliyowatoa ndani. Nyama ikipatikana haikutosha hata mbwa wenyewe. Ulikuwa mchezo.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na katibu wa kamati ya michezo ya kijiji. Mara ya kwanza tulipojaribu kukomesha mambo hayo tuliitisha mkutano, mwenyekiti akasoma katazo, watu wakapiga makofi. Jumapili iliyofuata pambano likafanyika ng'ambo ya mto. Tulikuwa tumewabadilishia uwanja, basi.

Hapa naeleza tulichofanya baadaye, kikashika. Kinafaa Rungwe, na ukikipunguza huku na kukiongeza kule kitafaa Mufindi, Makete, Mbozi au Ludewa. Msingi wake ni mmoja: anayeleta jogoo anatafuta jina. Mpe mahali pengine pa kulipatia, saa ileile, mbele ya watu walewale.

Hatua ya 1: Nenda ukatazame, usiseme kitu

Nenda Jumapili tatu mfululizo. Usiende na daftari, utafukuzwa. Mimi nilihesabu kwa maharage: kila watazamaji kumi punje moja mfuko wa kulia, kila mwenye jogoo punje moja mfuko wa kushoto. Mfuko wa kushoto haukuwahi kuzidi punje saba. Wa kulia ulifika kumi na nne. Waliokuwa wakiweka dau walikuwa kama thelathini hivi. Waliobaki walikuja kwa sababu watu walikuwepo, na wengi wao walikuwa watoto, wakiwemo wanafunzi wangu wa darasa la sita waliojificha nyuma ya migomba waliponiona.

Mzee mmoja alikuwa na jogoo mwekundu aliyemwita Mkoloni. Kabla ya pambano alimwosha miguu kwa maji ya uvuguvugu, akampapasa shingo, akamnong'oneza neno ambalo sikulisikia. Kisha mwanawe akafunga kipande cha wembe nyuma ya mguu wa jogoo kwa uzi wa kushonea viatu. Pambano lenyewe halikumaliza muda wa kunywa kikombe cha chai. Mkoloni alishinda, akapoteza jicho la kushoto. Mzee wa miaka sitini na ushei akabebwa mabegani, watu wakiimba. Wiki nzima akawa Baba Mkoloni dukani, mashineni kwenye kusaga, hadi kanisani.

Nikajiuliza ni mchezo gani mwingine kijijini ungempa mzee yule jina. Haukuwepo. Mpira wetu ulikuwa wa vijana kumi na wanne wenye njumu, na sisi wengine tukiombwa mchango.

Ukirudi nyumbani andika mambo manne: nani huleta wanyama, nani hushika dau, nani huuza pombe na vitafunwa, na watu huanza kukusanyika saa ngapi. Mwenye kuuza usimsahau. Mama wa kilabu ndiye aliyekuwa na hasara kubwa kuliko wote kama pambano likifa, na tulipompa nafasi ya kuuza chai, maandazi na ndizi za kuchoma uwanjani, ndiye aliyekuja kuwa mtangazaji wetu mkuu. Pombe tulimwomba aiache kilabuni hadi filimbi ya mwisho. Alinung'unika, akakubali.

Hatua ya 2: Weka mchezo saa ileile

Hapa ndipo kamati nyingi zinapojikwaa. Zinaandaa bonanza Jumamosi asubuhi, viongozi wanahutubia, picha zinapigwa, na Jumapili alasiri kila mtu yuko kwenye migomba kama kawaida. Kama pambano ni Jumapili saa tisa, mchezo wako uanze Jumapili saa nane na nusu. Ibada zimekwisha, watu wameshakula, na Wasabato, ambao Jumamosi huwapati, wako huru.

Mwaka nao una kalenda yake. Nyanda za Juu Kusini mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na Rungwe hata Juni unaweza kulowa. Kuwinda kwa mbwa hupamba moto baada ya mavuno, Julai hadi Oktoba, majani yakikauka. Anayetaka sungura atoke kichakani huwasha moto, na moto wa namna hiyo ukivuka kijito unaingia kwenye paini za watu waliosubiri kuvuna miaka kumi na zaidi. Wa Mufindi na Njombe wanajua ninachosema. Kwa hiyo ligi yako iwe ya miezi hiyohiyo, kila Jumapili bila kuruka. Ukiruka moja, migomba inajaa.

Kwa ndugu zetu wa Makete na Njombe, Julai ni mwezi wa sakitu, umande unaoganda kwa baridi. Mechi ya mwisho iishe kabla ya saa kumi na moja, jua likiwa bado lina nguvu, la sivyo utabaki na wachezaji na mbuzi wa zawadi.

Hatua ya 3: Pata baraka, lakini usianze na polisi

Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha mwenyekiti wa kijiji na mtendaji. Omba ajenda iingie kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na eneo la uwanja liandikwe kwenye muhtasari. Bila muhtasari, miaka miwili baadaye utakuta mtu amepanda viazi kwenye goli la kaskazini. Afisa michezo wa wilaya mpe barua mapema, atakusaidia kupata waamuzi waliosoma sheria. Afisa mifugo wa kata ni wa muhimu kuliko unavyodhani, nitamrudia.

Sheria zipo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, na kumfunga jogoo wembe si jambo la kwenda kubishana na hakimu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayewinda, na Mlima Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania: kuingia humo na kundi la mbwa ni kujitafutia kesi. Waeleze watu hayo mara moja, kwa upole, na usiyarudie kila Jumapili kwenye kipaza sauti.

Sheria peke yake ina mwisho wake. Uingereza ilipiga marufuku kupiganisha majogoo na kuwachokoza dubu na mafahali kwa mbwa mwaka 1835, na majogoo wakaendelea kupiganishwa mafichoni kwa miaka mingi. Chama chao cha mpira kiliundwa 1863, na wafanyakazi walipoanza kupewa mapumziko ya Jumamosi alasiri, umati ukapata pa kwenda. Sisi hatuna haja ya kusubiri karibu miaka thelathini kati ya katazo na mpira. Tuanze na mpira.

Hatua ya 4: Pima uwanja kwa kamba

Uwanja wa soka wa kawaida una urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90. Kwa milima yetu, ukipata mita 80 kwa 50 zilizo sawa shukuru Mungu, ucheze. Kama hupati hata hizo, cheza wachezaji saba kila upande. Uwanja mdogo ulio sawa ni bora kuliko mkubwa unaoteremka hadi mpira unaokotwa kwenye mashamba ya chai ya watu.

Tatizo la viwanja vya kijiji ni kona. Watu wanapima kwa hatua, wanasimika milingoti, kisha wanashangaa upande mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Dawa yake ni kamba ya mita 12. Funga fundo kwenye mita 3 na jingine kwenye mita 7, kisha unganisha ncha mbili ziwe fundo la tatu. Watu watatu washike, kila mmoja fundo lake, wavute hadi kamba ikaze kila upande. Umepata pembetatu yenye pande za mita 3, 4 na 5, na pale upande wa 3 unapokutana na wa 4 ndipo kona iliyonyooka. Weka kigingi hapo, vuta mstari kufuata upande mmoja, kisha mwingine. Rudia kila kona. Ukimaliza, pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, mara mbili. Vipimo vikilingana, uwanja wako umekaa sawa. Wanafunzi wangu walijifunza kanuni ya Pythagoras siku ile kuliko nilivyowahi kuifundisha ubaoni.

Goli lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44. Miti ya mlingoti iliyonyooka inafaa, ila ichimbie chini sentimita 60 au zaidi na ushindilie mawe. Goli lisilochimbiwa huangukia watoto wanaoning'inia, na mwamba wa mlingoti mbichi ni mzito. Mistari tulichora kwa majivu, chokaa ikipatikana vizuri zaidi. Eneo la hatari linatoka mita 16.5 kutoka mstari wa goli, na nukta ya penalti ni mita 11.

Pembeni tenga uwanja wa mpira wa pete, mita 30.5 kwa 15.25, pete ikiwa juu mita 3.05. Usiupeleke nyuma ya choo cha shule kama tulivyofanya mwaka wa kwanza. Akina mama walikuja mara moja, wakaangalia, wakaondoka. Tulipouhamishia mbele, karibu na barabara, watazamaji wa pete wakawa wengi kuliko wa soka, na kipa wetu akawa anageuza shingo.

Hatua ya 5: Chagua michezo ya watu wote

Soka itawapa nafasi watu ishirini na wawili. Mzee wa jogoo hayumo. Mama mwenye miaka arobaini hayumo. Kijana wa bodaboda anayefanya kazi hadi usiku, asiyefika mazoezini, naye hayumo.

Kuvuta kamba kwa vitongoji kuliokoa mambo yetu. Watu wanane kila upande, alama katikati, upande ukiburutwa mita 4 umeshindwa, mizunguko mitatu. Tukaweka timu ya wenye umri wa miaka 45 kwenda juu, na hapo ndipo nilipowaona wazee watatu wa majogoo kwa mara ya kwanza uwanjani, wamevua makoti. Tumia kamba nene ya katani, yenye urefu wa mita 33 au zaidi. Nailoni huchuna mikono, na ikikatika inarudi kama mjeledi. Na mtu yeyote asijizungushie kamba mkononi wala kiunoni, hata akidai ndiyo nguvu yake ilipo.

Bao la kete na drafti zina watu wake, wako pembeni chini ya mti na hawataki kelele. Mbio za kupanda kilima na kushuka zinafaa sana huku kwetu. Mtoto anayepanda mlima kila siku kwenda shule hajui kwamba ana mapafu ya mkimbiaji mpaka umwekee saa. Mbeya mjini kuna mbio za Tulia Marathon, na kijana aliyeshinda kilima chetu alichangiwa nauli akaenda. Alimaliza, akarudi na medali, akaivaa wiki mbili.

Kuna mfano wa Kenya ambao nausema kila ninapopata nafasi. Wamasai wa eneo la Amboseli, badala ya kijana kuthibitisha ushujaa kwa kumuua simba, tangu Desemba 2012 wana Olimpiki yao. Morani wanashindana kurusha rungu, kurusha mkuki, kuruka juu na kukimbia. David Rudisha, aliyetwaa dhahabu ya mita 800 London mwaka huohuo, amekuwa mlezi wake. Angalia walivyochagua: hawakuwaletea morani tenisi. Wamechukua vilevile ambavyo mwindaji hujivunia, mkono, mguu na jicho, wakaviwekea kipimo. Ukitaka kumtoa mtu kwenye uwindaji, mpe kulenga shabaha, mpe kukimbia umbali mrefu, mpe kusoma nyayo.

Na tafadhali: toa kabisa mchezo wa kufukuza kuku. Najua kila bonanza nchini linao, najua watu hucheka hadi machozi. Lakini huwezi kumwambia mzee wa watu aache kupiganisha jogoo kisha ukamwachia jogoo mwingine katikati ya wanaume hamsini wanaomrukia. Mzee wangu aliliona hilo kabla yangu. "Mwalimu," aliniuliza, "huyu naye kakosa nini?" Tukaweka mbio za magunia.

Hatua ya 6: Wape kazi wenye majogoo na wenye mbwa

Ukiiruka hatua hii, zilizobaki zote ni mapambo.

Niliwafuata wale saba mmoja mmoja nyumbani kwao. Sikuwaita ofisini. Unabisha hodi, unaamkia, unakaribishwa kigoda, unakunywa ulichopewa, unamsifia jogoo. Na kumsifia si unafiki. Mtu anayefuga jogoo wa kupigana anajua kuku kuliko sisi wote. Kule kwenye kuku wa kuchi, wale warefu wa shingo na miguu ambao hata watafiti wamewakuta wana undugu na kuku wa kupigana wa Japani, jogoo mzuri wa mbegu anatafutwa mbali. Nilimwuliza mzee wa Mkoloni: jogoo mwenye jicho moja anauzwa bei gani, na jogoo mzima mwenye vifaranga wake unawauza bei gani? Hakujibu siku ile.

Tukaanzisha maonesho ya jogoo, Jumapili moja kwa mwezi, kabla ya mechi. Majaji walikuwa afisa mifugo na wafugaji wawili kutoka kijiji cha jirani, ili pasiwe na ndugu wa mtu. Vigezo vilikuwa uzito kwenye mizani ya kupimia majani ya chai, manyoya, miguu isiyo na magamba yaliyonyanyuka, na kuwika. Kwenye kuwika tulihesabu jogoo anawika mara ngapi kwa dakika kumi na tano. Msicheke. Ujerumani wana jogoo aitwaye Bergische Kräher, kizazi baada ya kizazi amechaguliwa kwa urefu wa sauti yake, na watu wanamshindanisha. Huku kwetu mashabiki walikuwa wanamwimbia jogoo wao ili awike. Majogoo wengine walinyamaza kimya kabisa siku hiyo, wenyewe nao wakatukanwa kwa mapenzi.

Kukusanya kuku ni kukusanya magonjwa, kwa hiyo kuna masharti. Jogoo awe amechanjwa mdondo angalau wiki mbili kabla. Chanjo ni tone moja jichoni, inarudiwa kila miezi mitatu, na inapewa kuku mzima. Aliyekwisha kuanza kusinzia haimponyi. Kila jogoo akae kwenye tenga lake, matenga yasigusane, na akirudi nyumbani atengwe kwa siku chache. Daftari la chanjo tulilianza kwa ajili ya maonesho, na ndilo lililofanya hata mama ambaye hajawahi kushabikia kitu alete kuku wake.

Bingwa wa kijiji alipelekwa Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya. Mzee wa Mkoloni alipanda basi amebeba tenga mapajani, akakataa kuliweka kwenye buti.

Mbwa ni kazi nyingine, na ngumu zaidi. Msitu wa Mlima Rungwe ni makao ya kipunji, nyani ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 2003 na kumtangaza 2005, na anaishi Tanzania pekee. Mbwa hajui kipunji ni nini. Pia mbwa anayeumana na wanyama wa porini ni mlango wa kichaa cha mbwa kuingia nyumbani. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha akimbie hospitali kuanza sindano, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Tulifanya siku ya mbwa karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani: chanjo kwanza, mchezo baadaye. Asiye na kadi ya chanjo alibaki mtazamaji. Mbwa wengi walichanjwa kwa ajili ya mashindano.

Mchezo wenyewe ni kufuata harufu. Kijana anaburuta gunia lenye utumbo wa mbuzi njia ya mita 800 hivi, anapinda mara tatu nne, anavuka kijito mara moja, na mwisho anaficha kipande cha nyama chini ya ndoo. Mbwa anatoka akiwa amefungwa kamba, mwenyewe anamfuata. Mmoja mmoja, kwa saa. Mbwa anayeachia njia na kukimbilia kuku wa watu anatolewa. Nimeona mbwa wa hovyo, mwenye mbavu za kuhesabika, akifika kwenye ndoo kwa dakika nne wakati wale wakali waliozoea kuwinda kwa kundi wamepotea kwenye kijito.

Jihadhari na jambo moja. Uingereza na Wales, sheria ya mwaka 2004 ilipokataza kuwinda mbweha kwa mbwa, vikundi vingi vilihamia kufuata harufu iliyoburutwa, na tangu hapo wamelalamikiwa kwamba wengine wanautumia kama pazia la kuwinda vilevile. Kwa hiyo njia ya gunia isikaribie msitu, iwe mashambani mahali macho ya watu yanapofika, na mbwa asifunguliwe.

Hatua ya 7: Fedha, zawadi na mkeka

Gharama si kubwa ukianza kidogo: mipira miwili ya soka, miwili ya pete, kamba, filimbi, majivu ya bure. Timu zitoe kiingilio kidogo kabla ya ratiba kupangwa. Anayeahidi kulipa baada ya mechi ya kwanza halipi. Mapato na matumizi yabandikwe kwenye mbao za ofisi ya kijiji kila Jumatatu, hata kama ni shilingi elfu saba.

Zawadi ya mbuzi sina ugomvi nayo, ni desturi, na ataliwa. Ila asichinjwe katikati ya uwanja watoto wakishangilia. Zawadi inayodumu ni jina: tulitengeneza ubao wa mti wa mkaratusi, tukachoma majina ya washindi kwa nondo ya moto, ukatundikwa ofisi ya kijiji. Wa kuvuta kamba, wa bao, wa jogoo, wa mbwa, wa pete, wote ubao mmoja, herufi za ukubwa mmoja.

Dau ndilo lililonitoa jasho. Waliozoea kubeti kwa majogoo watataka kubeti kwa mechi yako, na vijana wana mikeka simuni tayari. Hatukufanikiwa kuwazuia wote. Tulichofanya ni kumpa mshika dau wa zamani kazi ya kushika kitabu cha bahati nasibu ya kijiji, tiketi kwa watu wazima tu, mshindi anapata mfuko wa mbolea, salio linanunua nyavu. Mwombe mtendaji aulize kibali wilayani kabla ya kuanza, michezo ya kubahatisha ina sheria yake. Miongoni mwa watu wote niliowaogopa, yule mshika dau ndiye hakuwahi kupoteza hata shilingi mia.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Refa atoke kijiji kingine. Wazee tumia kama kamati ya rufaa. Huku kwetu waliokuwepo mwaka 1986, Tukuyu Stars ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara, hawakubali kufundishwa mpira na mtu yeyote, na neno lao linasikika kuliko kadi nyekundu. Majina ya wachezaji yaandikwe wiki moja kabla, kitongoji kisije na mamluki kutoka Uyole. Sanduku la huduma ya kwanza liwe na mtu anayejua kilichomo. Maji ya kunywa yawepo. Ukisikia ngurumo, simamisha mchezo na uwatoe watu wote chini ya miti, halafu subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Oktoba inapoishia radi za kwetu hazina mzaha.

Hatua ya 9: Masika

Mvua zikianza uwanja unakuwa tope na migomba inawaita watu tena. Mwaka wa kwanza, Januari, mapambano mawili yalifanyika na nikayajua siku tatu baadaye. Tuliwafuata walioyaandaa, wawili kati ya wale saba. Walichosema ni kweli tupu: "Mwalimu, ulitufungia duka." Tangu hapo masika tunahamia kwenye banda la kupimia majani ya chai, ambalo Jumapili linakaa tupu: ligi ya bao na drafti, pete ya ndani kwa watoto, na mizani ipo tayari kwa majogoo. Omba ufunguo wa banda mwezi Oktoba, kabla chama cha wakulima hakijajaza mbolea.